Mke wa Makori

Siku ya soko pale Keroka, gari la misheni lilizimika katikati ya ng'ombe na wauza ndizi. Bitutu, msichana mrefu mwenye gauni la samawati na kitambaa cheupe kichwani, alishuka kulisukuma. Mara fundi mmoja akachomoza kutoka chini ya lori lililosimama kando, uso mweusi kwa grisi.

"Dada, hilo halitaki kusukumwa. Linataka maombi."

"Nimeliombea tangu Nyansiongo."

"Basi Mungu amesikia. Naitwa Ouko."

"Mungu hutuma malaika wachafu hivyo?"

"Wasafi wote wako kazini Nairobi."

Bitutu alicheka hadi Katekista Thadeus, aliyeshika usukani, akakohoa.

Mwaka huo wa 1971 Bitutu alikuwa mwanafunzi wa kazi katika ofisi ya haki ya kanisa. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Alifuatana na Thadeus kwa wajane waliofukuzwa na mashemeji na kwa vibarua walionyimwa haki yao, akajifunza kuwasemea mbele ya wazee. Tangu siku ile ya soko, kila Ijumaa simu ya ofisi ililia. Ouko alipiga kutoka gereji ya Kisii mjini.

"Ofisi ya haki? Nina mashtaka."

"Dhidi ya nani?"

"Msichana mmoja wa Kisii. Tangu nimwone nafunga nati za watu kinyume."

"Mashtaka yako hayana shahidi, bwana."

"Shahidi ni lori lililoanguka gurudumu."

Mwishowe Ouko akaja mwenyewe ofisini, shati limepigwa pasi, mkononi samaki wa ziwani amefungwa kwenye majani. Hawajaketi vizuri, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mzee, fimbo mkononi.

"Mke wa Makori! Mumeo anakungoja, nawe uko hapa wacheka?"

Ouko alimtazama Bitutu. Bitutu akainamisha kichwa. Samaki akawekwa mezani, na Ouko akaondoka bila kuaga.

Lakini Makori hakuwa mtu. Mama yule, Mong'ina, hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alikuwa amefariki. Desturi ya Wagusii humruhusu mama kama huyo kutoa ng'ombe na kumwozea mke mwana ambaye hakuzaliwa kamwe, ili watoto watakaopatikana washike nyumba. Ng'ombe wa Mong'ina walikwenda kwa baba yake Bitutu, na kwa ng'ombe hao hao kaka yake, Onchiri, akaoa. Bitutu akawa mke wa jina.

Kila jioni, nyumbani walimoishi wawili hao, Mong'ina aliandaa sahani tatu, moja ya Makori. "Usikae upande huo," alimkemea Bitutu. "Unamkalia mwenzako." Bitutu alishika rozari yake, akasali. Hata hivyo, kuna jioni alizosikia upande ule mtu akivuta pumzi, taratibu, kama anayesubiri kujibiwa.

Angeweza kutoroka. Ila mashemeji wa Mong'ina walikuwa wanalitamani shamba lake, na Mong'ina asipokuwa na mke wa mwana, wangemtoa siku hiyo hiyo. Bwana, alisali Bitutu, nimewatetea wajane mwaka mzima. Nimalize mafunzo kwa kumfukuzisha mmoja?

Ilibaki kesi ya mwisho, ambayo kila mwanafunzi aliichagua mwenyewe. Ardhi ilikuwa inapimwa wakati huo, na wazee waliandikisha mashamba kwa majina ya wanaume. Bitutu akachagua kesi ya Mong'ina, akasimama naye mbele yao.

"Mashahidi wa mipaka wapo. Huyu amelima hapa tangu aolewe. Liandikeni jina lake."

"La mwanamke?" shemeji mmoja wa Mong'ina akadakia. "Kesho mtaandika la kuku!"

"Kuku akilima, tutamwandika," mzee mmoja akamjibu. Watu wakacheka, na shamba likaandikwa la Mong'ina.

Kesho yake Bitutu akapiga simu gereji.

"Mumeo hajambo?" Ouko akauliza kwa ukali.

"Hajazaliwa."

"Usinichezee, Bitutu."

Akamweleza yote. Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Mpenzi wangu, umebebaje peke yako?"

Siku ya kuagwa kwa wanafunzi, Ouko alikuja na tai iliyopinda. Baada ya ibada walimwendea Mong'ina nje ya kanisa.

"Mama," alisema Bitutu, "naomba uniachilie."

"Ng'ombe nitawarudisha mimi," Ouko akaongeza.

"Sililii ng'ombe. Shamba ninalo sasa." Mama mzee akaegemea fimbo yake. "Lakini ukienda, nani atamwita Makori? Ni sisi wawili tu tunaomjua."

Ouko akavua kofia. "Mama, kwetu ziwani aliyetangulia akitaka jina huja ndotoni, na mtoto hulia hadi aitwe hilo. Makori akija kwetu, tutamwita."

"Hakutangulia, kijana. Hakuja kabisa."

"Basi atakuja kwa mara ya kwanza."

Mong'ina aligeukia upande mtupu wa kulia kwake. Akasikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kidogo kidogo.

"Amekubali," alisema. "Nendeni."

Bitutu akashika mkono wa Ouko. Baridi ikampita begani, ikaondoka. Alikuwa huru, na palepale, mbele ya mchumba wake, akaanza kumlilia Makori kama mjane.