Nyota Zilizotoka Nukta

Sokoni mtaa wa Gitega, mwaka 1991, mikono miwili iliikamata bawaba moja. Mmoja ulikuwa wa Théoneste, seremala wa mtaa wa Gikondo, suruali imejaa vumbi la mbao. Wa pili ulikuwa wa Kankindi, msafisha picha wa studio ya jirani, gauni la kitenge cha njano, vidole vinanuka dawa ya picha.

"Dada, niachie. Mimi iko natengeneza mashine ya kufuata nyota."

"Yewe! Nyota zinakimbilia wapi?"

Alimwachia bawaba, na moyo akauacha papo hapo. Wajinga hawaishi, na wengine wana sura nzuri.

Mashine yenyewe ilikuwa mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na parafujo ndefu ya kuzungusha polepole kwa mkono ili kamera ipande pamoja na nyota. Théoneste alilifuata gazeti moja la Ubelgiji neno kwa neno, akaiinamisha bawaba nyuzi hamsini. Kankindi alisafisha filamu tatu. Zote nyota zilitoka mistari mistari.

"Sheri wangu, hii gazeti waliandika kwao, mbali na ikweta," Kankindi alimwambia. "Huku kwetu bawaba ilaze karibu chini kabisa, itazame kusini."

Akailaza. Filamu ya nne, nyota zikatoka nukta, kama punje za chumvi. Walikumbatiana katika chumba cha giza mpaka beseni la dawa likamwagika.

Picha ilitiwa bahasha ipelekwe Brussels kwenye shindano la picha za nyota. Mshindi angesomeshwa huko. Kankindi aliichungulia bahasha. Jina lilikuwa moja, la Théoneste.

"Na mimi?"

"Wewe ulisafisha tu, mukunzi, mpenzi wangu. Usijikuze."

Heri angempiga kofi! Miezi miwili hawakusemeshana, kisha simu ya studio ikalia.

"Kankindi wangu, nisamehe. Jumapili nakuja na mjomba Munyaneza, tunaleta bia za kukuposa."

Alilia kwa furaha, akalipiga gauni pasi mara mbili. Jumapili wakaja kwao kweli. Bia hazijafunguliwa, Théoneste akamnong'oneza: "Nimeshinda, ila Brussels wanataka negativu, ile filamu yenyewe uliyoitunza wewe, kabla ya Ijumaa, bila hiyo nafasi nimekosa. Iko wapi?"

Kankindi aliileta, pamoja na mkasi. Akauliza kwa sauti, mbele ya wazee: "Nani alijua bawaba inalazwa?"

Théoneste alimtazama mjomba wake. Aibu ikamshinda. "Mimi."

Mkasi ukalia. Mara moja, mara mbili, mara kumi.

Théoneste alipiga magoti. Alikuwa anaokota vipande, na Kankindi, akiwa bado anampenda, akachukua ufagio akavifagilia nje.