Anwani Niliyomkaririsha Yaretzi

Akina mama wenzangu, uvumi ulinikuta jikoni Jumamosi moja asubuhi, nikigeuza tortila, chapati zetu za mahindi, kwenye kikaango, binti yangu Yaretzi wa miaka saba akiimba chini ya meza. Akiimba, kigugumizi chake humwacha. Mara jirani yangu Leonor akaingia bila hodi.

"Umesikia? Bodi ya shule inauhamisha mtaa wetu mzima. Wanatupeleka shule mpya, wanakotupwa watoto walioshindikana. Na mwalimu wa matamshi hakuna!"

Neno hilo la mwisho lilinigandama kama kupe. Bibi Prudhomme, mwalimu wa matamshi wa shule yetu, ndiye aliyemwezesha mwanangu kutaja jina lake mbele ya watu bila kulia.

Mji wetu huu wa Texas unakua kama uyoga. Mashamba ya pamba ya juzi leo yamejaa nyumba, na shule zikijaa, bodi inachora mipaka upya. Barua yao ilikuja ndani ya mkoba wa mtoto, tena kwa Kispania chetu, na tarehe ya mkutano imo. Mimi niliishia darasa la sita. Barua ndefu hunitia baridi. Nikamwuliza Leonor kama twende.

"Kufanya nini, shoga? Kupamba viti? Hao wameshamaliza mambo yao, mkutano ni geresha."

Nikaitia barua kwenye droo. Nikamwendea kaka yangu Nicanor, anayekaa upande wa shule ya zamani, nikaandikisha anwani yake shuleni kana kwamba ndiyo yetu. Basi la shule lingemshusha mtoto kwake, nami nimpitie nikitoka kazini.

Kisha nikaanza kumkaririsha mtoto kila nikimwogesha.

"Unakaa wapi?"

"A-arobaini na mbili, Mtaa wa Juniper. Kwani tunahama, Mama?"

"Hatuhami."

"Sasa mbona…"

"Sema hivyo hivyo. Na kwetu usikutaje kwa mtu yeyote. Umesikia?"

Mume wangu Fermín alitusikia. "Otilia, unamfundisha mtoto kukana kwao."

"Wewe nyamaza. Hujui uchungu wa mtoto asiyeweza kusema." Mungu anisamehe, kana kwamba yeye si baba yake.

Agosti shule zilipofunguliwa, nilimkuta mwalimu mgeni. Bibi Prudhomme alikuwa amehamishiwa ile shule mpya, dakika nne kwa miguu kutoka mlangoni kwangu! Hapo ndipo iliponipasa kusema kweli. Lakini Leonor akanitia hofu: "Thubutu! Ukikiri watakufunga." Nikafunga mdomo.

Januari ikaja barafu. Shule ziliwaachia watoto saa sita mchana. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, simu imo kabatini. Nicanor, ambaye mchana huwa nyumbani, alikuwa ameitwa ghafla kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Basi likamshusha mtoto, likaenda zake. Mlango umefungwa.

Alibisha, akangoja, akabisha tena. Mwishowe akaanza kutembea ovyo huku analia, mpaka mama mmoja wa posta aliyekuwa akisambaza barua akasimamisha gari.

"Unakaa wapi, kipenzi?"

Yaretzi akamtajia, neno kwa neno, kama nilivyomfundisha. Yule mama akamrudisha pale pale, kwenye mlango ule ule uliofungwa.

"Hapa ndipo kwenu?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Huna kwingine kabisa?"

Akatikisa kichwa.

Mungu ampe umri mrefu mama yule, hakumwacha. Alimfunika kwa koti lake, akawasha joto la gari, akapiga simu shuleni. Shuleni nako walikuwa na anwani hiyo hiyo, na namba yangu ililia kabatini bila kupokewa. Nilipofungua kabati saa tisa, nilikuta wamenipigia mara kumi na moja.

Nikapiga shuleni, wakanielekeza. Nilimkuta ndani ya gari la posta, amejikunyata kati ya vifurushi, vidole vingali vya zambarau kwa baridi. Nikampakata. Akaninong'oneza sikioni, "Si-sikusema, Mama. Sikumwambia mtu."

Nililia hadi mama wa posta naye akalia.

Barafu ilipoyeyuka, mimi na Fermín tulikwenda ofisi ya shule, nikasema yote. Hakuna aliyenifunga. Karani alitoa nakala ya ile barua, akaigeuza. Nyuma palikuwa na fomu: mzazi ambaye mtoto wake anasaidiwa matamshi ajaze, na bodi imsikilize mkutanoni.

"Tuliwasubiri watu wa mtaa wenu, mama," akasema taratibu. "Viti vilikaa vitupu."

Jumatatu Yaretzi alikwenda kwa Bibi Prudhomme kwa miguu, nimemshika mkono. Lakini hadi leo, mtu akimwuliza anakokaa, hunitazama mimi kwanza.

MAFUNZO

Mama mwenzangu, jiepushe na haya:

Usiifungie barua ya shule kwenye droo. Ikikushinda, tafuta wa kukusomea, mbele na nyuma.

Usishike neno la jirani ukaacha kuuliza ofisini.

Usisuse mkutano kisha ulalamikie mipaka.

Usiandike anwani isiyo yako.

Ukijua umekosea, usikae na kosa kwa hofu uliyotiwa na maneno ya watu.

Na usimkataze mtoto kutaja kwao. Atakutii, hata siku amepotea.