Jiwe Lililojua Kuita

Dekio lilinuka mwani. Benadetha akatazama juu: paa halivuji. Akakausha tena sakafu chini ya ule msalaba wa jiwe. Bahari imefikaje Shaw, katikati ya Washington?

Msalaba wenyewe, uliochongwa miaka elfu na ushei iliyopita, uliletwa kwenye jumba hilo dogo la makumbusho mwaka 2006, kutoka kisiwa cha baridi ambako wenyeji waliulinda kama urithi wao. Kibao kilieleza kuwa wanawake walisimama mbele yake kuwaita kwa majina waume na wana waliopotea baharini. Wenyeji walikataa usiondoke. Nani aliwasikiliza? Jiwe likapata viza! Benadetha, mfagizi wake, mwaka wa sita hana karatasi. Mama yake anaugua nyumbani Moshi, na yeye akitoka nchini humu hataruhusiwa kurudi.

Asubuhi ya tatu, kabla milango haijafunguliwa, aliitwa.

"Beni."

Sauti ya mama. Mtoto aliyelelewa vyema akiitwa na mama, hufanya nini?

"Abee, mama," akaitika, ndipo akakumbuka mama yuko wapi.

Tangu hapo sauti ikamfuata mpaka nyumbani kwake, mji wa jirani wa Falls Church, ikamwita kutoka bafuni, ikamwita kutoka kabatini kati ya makoti, na kila ilipoita harufu ya mwani ilipanda mpaka shuka zikalowa na usingizi ukamkimbia.

"Ukaitika?" alinong'ona Bi Mwatumu, jirani yake aliyetoka Mombasa, akifukiza ubani.

"Niliitika, bibi. Ni adabu."

"Adabu hiyo ndiyo mlango wake. Ndani ya jiwe hilo mna jini; limesikia wafu wakiitwa miaka elfu, likajifunza kuita. Siku saba, mwanangu, ikikuita sauti ya mamako, usiitike, nalo litaondoka. Hata ikilia."

Siku ya saba simu ikalia.

"Beni," ilisema sauti, nyembamba kuliko siku zote. "Beni mwanangu, niitikie nipumzike."

Benadetha akauma kanga yake, machozi yakimtoka, mpaka simu ikakatika.

Jioni mdogo wake Fredy akapiga. "Dada, mama ametutoka. Nilimshikia simu sikioni mwenyewe akikuita. Mbona ulinyamaza?"

Kesho yake sakafu ilikuwa kavu. Hakuna harufu. Limeondoka, kama Bi Mwatumu alivyosema.

Benadetha akatua ndoo, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe.

"Niite," akasema. "Niite tena."

Kisha, taratibu, maji ya baridi yakamgusa vidole vya miguu.

"Beni."

"Abee, mama."