Moto Usiovuta

Kila asubuhi Clifford Sugden alivuta mapazia, akamimina maji ya moto kwenye buli, akangoja chai ivute. Kisha akasoma matokeo ya mpira. Timu yake ilikuwa imetoka sare tena.

Watu wa bonde lake la Yorkshire, Uingereza, wana neno moja la Kiingereza, draw, na hawaliachi lipumzike. Pazia linavutwa kwa neno hilo. Farasi anavuta mkokoteni, mzee anachukua pensheni, mtoto anachora paka, timu mbili zinatoka sare: neno ni lilelile. Na dohani, bomba linalopeleka moshi wa meko ya kuotea moto hadi juu ya paa, nayo inatakiwa ivute. Ikikataa, moshi unarudi sebuleni.

Dohani ya Clifford ilikuwa imekataa. Lakini kilichomnyima raha si moshi. Ni kiti kitupu cha Enid, mkewe.

Tangu baridi ianze, Enid alikuwa akishinda karibu na moto akifuma sweta, na kichwa kinamgonga. Alisikia kichefuchefu. Alisahau hata majina ya majirani. Clifford alishinda nje bandani kwa njiwa wake, mzima kabisa. Halafu Enid alimtembelea dada yake pwani, na kichwa kikapoa. Aliporudi nyumbani, kikaanza upya. Sasa alikuwa ameondoka tena, na hakusema atarudi lini.

"Dada anataka nihamie kwake," alisema kwenye simu. "Huku napata nafuu, Cliff. Sijui kwa nini."

Clifford alidhani anajua. Mke anaumwa akiwa na mumewe, anapona akiwa mbali naye: hapo kuna cha kuuliza? Jambo hilo lilimchoma moyo, na hakumwambia mtu.

Akamwita Glenys Holroyd, msafisha dohani, angalau moshi uishe. Glenys alisukuma brashi yake ndefu kutoka mekoni kwenda juu.

"Toka nje, mpenzi, uniambie ukiiona," alisema. Kwa Glenys kila mtu alikuwa mpenzi, hata askari wa barabarani.

Clifford alisimama barabarani mpaka brashi ikachomoza juu ya paa. Masizi yaliyoanguka yalikuwa machache. Glenys akawasha gazeti mekoni. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi ukawapiga usoni.

"Dohani ni safi," alisema Glenys.

"Basi mbona haivuti?"

"Wewe ukivuta pumzi, unavuta nini?"

"Hewa."

"Na nikikuziba pua na mdomo?"

"Nitakufa, na wewe utafungwa."

"Basi na moto ni vivyo hivyo. Ukitaka kuvuta, lazima kiwepo cha kuvutwa. Moto huu unavuta hewa ya chumba hiki. Hewa inaingilia wapi?"

Clifford alitazama kuta zote nne. Kisha akasogeza kikapu cha nyuzi za Enid. Nyuma yake, ukutani karibu na sakafu, palikuwa na tundu la hewa. Glenys akachomoa humo magazeti yaliyokunjwa, na soksi moja ya kijani.

"Enid alisikia baridi miguuni," alisema Clifford. "Nikauziba upepo."

Glenys hakucheka. "Anaumwa kichwa? Anasahausahau? Akitoka hapa anapata nafuu?"

"Umejuaje?"

"Moto ukikosa hewa unatoa sumu. Inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Moshi unauona, hiyo huioni. Angesinzia kwenye kiti hicho, huenda asingeamka."

Aliwasha gazeti jingine. Moshi ukapanda moja kwa moja.

"Aende kwa daktari leo, aitaje sumu hiyo kwa jina," alisema. "Na tundu hili lisizibwe tena. Dohani isafishwe kila mwaka. Nunua king'ora cha sumu hiyo. Kikilia, tokeni kwanza, simu mtapiga mkiwa nje."

Clifford alipiga simu pwani.

"Enid, ni mimi ninayekuumiza kichwa."

"Hilo dada analijua miaka yote."

"Safari hii ni kweli." Akamweleza yote. Alipomaliza, Enid aliuliza jambo moja tu.

"Soksi gani?"

"Ile ya kijani uliyonifumia."

"Ndiyo maana sikuwahi kuiona mguuni kwako."

Daktari alimpima Enid, akamtibu, na baada ya muda akamruhusu kurudi nyumbani. Kichwa hakikumuuma tena. Majirani aliwaita kwa majina, hata wale asiowapenda. King'ora kilikaa kwenye rafu, kimya.

Jioni ya kwanza, Enid alikaa mahali pake mbele ya moto.

"Cliff, kuna upepo miguuni."

"Upo," alisema Clifford. "Uache upite."

Akavuta kiti chake hadi karibu naye, akainyanyua miguu ya mkewe, akaipakata.