Mitindo Arobaini ya Msiba Mmoja

Treni ya sumaku ilikuwa imeshaiacha Tabora, na behewa zima lilikuwa likisikiliza kitabu cha Nyamizi. Kitabu kimoja, lakini kila abiria akisikia chake. Mashine iitwayo Kigeuzi ilimpima mtu mapigo ya moyo, ikajua anapenda nini, kisha ikamsimulia kwa mtindo huo kupitia kinong'onezi, kidude kama punje ya mtama kinachotiwa sikioni. Mpenda mapenzi akapewa mapenzi. Mpenda vitisho akapewa majini. Mitindo arobaini.

Nyamizi alikuwa ameandika jambo moja tu: mazishi ya mwanawe Lushinge, aliyekufa kwa homa akiwa bado mdogo. Leo kitabu kinatoka, naye alitaka walau mtu mmoja amlilie mtoto yule kama alivyokuwa.

Jamaa mmoja mwenye kitambi, mdomo umejaa karanga, akaangua kicheko hadi makombo yenye mate yakamrukia Nyamizi begani.

"Huyu mzee noma! Eti kajilaza kaburini, anasema, 'Nimewahi mimi, mtoto mtafutieni chumba kingine!'"

Nyamizi akajifuta, akamgeukia Chidosa, mhandisi wa Kigeuzi, aliyekaa mbele yake.

"Yule ni mtani wetu, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi, mtani hufanya mzaha msibani ili wafiwa wapate kupumua. Alipotoka mle shimoni alilia kuliko sisi."

"Mashine iliona mizaha mingi, mama, ikamsimulia huyu kwa mtindo wa vichekesho. Kilio tukakipunguza. Kinachosha watu."

"Basi nirudishie nilichoandika."

"Kile cha kwanza? Kwenye majaribio hakikuchaguliwa na mtu, kikafutwa. Usinune, mama yangu. Mwandishi hodari si hubadilika kufuata wasomaji?"

"Nabadilika, kijana. Nimewaandikia watoto, nimewaandikia wazee, kila mmoja kwa sauti yake. Lakini nikibadili sauti, sibadili maiti."

Nyamizi akainuka. Akamshika mkono mumewe Kasubi, aliyekuwa pembeni yake akitabasamu peke yake.

"Baba Lushinge, tunashuka Manyoni. Toa hicho kidude."

Kasubi akaziba sikio kwa kiganja. "Ngoja, mama. Ameamka. Anaomba uji."

Nyamizi akamtazama Chidosa.

"Moyo wake ulikataa mitindo mingine yote," Chidosa akasema, akitazama chini. "Ikabidi mashine impe wa watoto. Humo mtoto hafi."

Nyamizi alishuka Manyoni peke yake. Sasa anauza vitunguu Singida, haandiki. Chidosa alipandishwa cheo. Mla karanga alifika Dodoma salama, akakisifu kitabu kwa wenzake. Mtani alifariki masika yaliyofuata. Kasubi alirudi Tabora na kinong'onezi chake. Makaburini haendi tena. Ukimwuliza sababu, anakushangaa, aende kumzuru nani.