Protekta ya Yuster

Siku ya gulio, soko la Biharamulo halina pa kukanyaga. Yuster, fundi simu, alikuwa ameinamia meza yake, gauni la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, mtu alipomsogezea simu iliyopasuka kioo.

"Dada, inapona hii?"

"Inapona. Ila usiiangushe tena, kaka."

"Nisipoiangusha nitapata wapi sababu ya kurudi?"

Huyo ni Juvenali, wakala wa forodha wa Rusumo, mrefu, na akicheka mashavu yanajaa uso mzima. Yuster akambadilishia kioo, akambandikia na protekta ya bure, aina ileile aliyoibandika kwenye simu yake mwenyewe. Mapenzi yakaanzia hapo.

Tabu ikawa simu. Mazungumzo yakinoga tu, yanakatika. Mara tatu Yuster alimwuliza, "Mpenzi, barua ya posa unaileta lini nyumbani?" na mara zote tatu simu ikakatika. Akawa anaizima kwa hasira.

"Ni mtandao, mama," Juvenali alijitetea kesho yake. "Huku mpakani simu inashika minara ya Rwanda."

"Anakukatia huyo," alisema Adventina, muuza viatu wa meza ya pili. "Ana mtu."

Yuster alilia, akanawa uso, akapanda gari la Rusumo kwenda kuachana naye ana kwa ana.

Alimkuta katikati ya malori, ndani ya kizibao cha kung'aa, akifoka kwenye simu kuhusu mzigo uliokosa karatasi. Dakika kumi nzima, haikukatika hata mara moja.

"Kumbe mtandao upo!" Yuster alimvaa. "Unakatika kwangu tu?"

"Haki ya Mungu sikukatii! Nipigie hapahapa uone."

Akapiga, hatua tatu mbele yake, machozi yakimlenga. "Haya. Mpenzi wangu, nimekukumbuka."

Juvenali akatabasamu. Shavu likapanda, likagusa kioo. Simu ikakatika.

Ufundi ukaizidi hasira. Yuster akapiga tena. "Bosi, lori lako limekwama." Uso wa Juvenali ukanuna, simu ikaendelea. "Nakupenda, mjinga wewe." Shavu juu. Imekatika.

Alimpokonya simu. Protekta aliyoibandika kwa mikono yake ilikuwa imefunika kile kijicho cha juu kinachozima kioo simu ikifika sikioni. Kioo kilibaki kinawaka, na shavu likawa linabonyeza kitufe chekundu.

"Si mtandao," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni simu. Na aliyeiharibu ni mimi."

Akaibandua protekta kwa ukucha. Aliona aibu kwa yote aliyomdhania, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Sasa nipigie wewe."

Juvenali akapiga, akageukia malori. "Uliniuliza barua naileta lini. Nilikujibu mara tatu, kumbe hukusikia. Baba mdogo Celestini anaipeleka kwenu Jumapili hii. Utanikubali?"

Simu ikakatika.

"Yuster? Haloo?"

Aligeuka. Yuster alikuwa amesimama palepale, simu yake yenye protekta ileile ameibana shavuni, anatabasamu mpaka jino la mwisho.