Kengele ya Ngamia Kwenye Rafu ya Vitabu

Mwaka 1966 maktaba ya Garissa ilianza kunuka maziwa ya moshi, na ndani hamkuwa na hata kikombe cha chai ya maziwa. Mahat, mtunza maktaba, alinusa kitabu kimoja baada ya kingine.

"Labda vimezaa," alijichekesha. Hakucheka.

Chumba kilikuwa kimoja, kazi tatu: vitabu ukutani, mafaili ya serikali pembeni, na sasa afisa mmoja kutoka bara alitaka pia makumbusho. Vitu vyenyewe alivitoa kwenye kambi ya wafugaji ambayo askari wake waliimiminia risasi, watu na ngamia: vyombo vya maziwa, mkeka, kengele ya mbao ya ngamia.

Ebla, shangazi yake Mahat, ambaye alimwita eedo kwa Kisomali, alimletea chakula cha mchana. Alipoiona kengele, sahani ilimponyoka.

"Nyasi za ndani ziko wapi?" alinong'ona.

"Nilizitoa, eedo. Afisa anataka ilie wageni wakija."

"Wallahi umetumaliza! Mwenyewe, yule mfugaji, aliisindilia nyasi ili askari wasisikie ngamia wake. Amekufa hivyo, kimya. Wewe umeifungua, umemwamsha. Irudishe kaburini kwake kabla hajaja kuuliza nani aliifungua."

Mahat alipomwomba airudishe, afisa alikataa katakata. "Mali ya makumbusho hii," alisema, akaitikisa na kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

Alasiri hiyo, afisa akiwa ameinamia meza anaandika vibandiko, kengele ililia yenyewe kule juu ya rafu, taratibu, kwa mwendo wa ngamia aliyechoka, na sakafu ikaanza kutetemeka kwa kwato zisizoonekana, vitabu vikidondoka vimelowa maziwa, mafaili yakifunguka yenyewe, mpaka pumzi yenye joto ikamgusa Mahat shingoni na sauti ikamuuliza kwa Kisomali:

"Nani aliifungua?"

Mwanamume mwenye akili angetoka mbio mpaka Mandera. Mahat alinyoosha kidole kuelekea mezani kwa afisa.

"Aliyewaua ni yule."

Akatoka kinyumenyume. Akafunga mlango, akageuza ufunguo.

Ebla alikuwa bado nje, akiingojea kengele. "Nani anapiga mayowe humo?"

"Mgeni wa makumbusho, eedo. Twende nyumbani."

Walitembea kuelekea mtaa wao wa Waberi, mayowe yakipungua, halafu yakakatika. Ebla akamshika mkono.

"Alikuuliza nani aliifungua, sivyo? Ulimjibu kwamba ni wewe?"

Mahat akaongeza mwendo.